Kulika kwa Msuguano, Kulika kwa Kemia: Istilahi za Ustahimilivu wa Kompositi za Metali na Kauri katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kompositi za metali na kauri zinazotengenezwa kwa unga zinavyostahimili, au zinavyoshindwa kustahimili, mashambulizi ya aina mbili: msuguano na kemikali. Hoja kuu ni kwamba sifa hizi mbili hazifuatani. Kompositi ngumu kupita chuma cha kawaida inaweza kuangamizwa na maji yenye asidi hafifu, kwa kuwa sehemu yake ya kauri hubaki salama ilhali metali inayoishikilia inayeyushwa. Maneno ya Kiswahili yanayotumika sasa, yaani kutu, kuchakaa na kulika, huchanganya matukio haya. Kwa kutumia mfano wa visima virefu vya Uganda na mitambo ya umeme ya maji, makala yanaonyesha kwamba mchanganyiko huo wa maneno unaweza kuzaa uamuzi usiofaa katika zabuni na matengenezo. Yanapendekeza mfumo wa istilahi unaokitegemea kitenzi kulika, na yanaeleza matumizi yake katika viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Istilahi msingi: kompositi, kauri, ulikaji, kutu, metali unganishi, viwango

1. Utangulizi

Kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua za kukitekeleza Kiswahili nchini. Mijadala iliyofuata hapa Kampala imejikita zaidi katika shule, walimu na vyombo vya habari. Lakini lugha rasmi haiishii darasani. Siku moja itatakiwa iandike kiwango cha ubora wa bomba, masharti ya zabuni ya pampu, na mwongozo wa fundi anayebadilisha kipuri cha turbini. Katika maandishi ya namna hiyo, neno moja lenye maana mbili linaweza kuigharimu serikali fedha, na kijiji maji.

Makala haya yanachukua eneo moja dogo la uhandisi wa vifaa kama jaribio la uwezo huo. Eneo lenyewe ni ustahimilivu wa kompositi za metali na kauri zinazotokana na unga. Limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, vifaa hivi vimo katika kazi za kila siku za eneo letu: katika vichwa vya kuchimbia visima, katika zana za kukatia chuma kwenye karakana, na katika tabaka zinazopakwa juu ya sehemu za turbini na pampu. Pili, sehemu ya malighafi yake hutoka katika ardhi yetu. Kobalti imechimbwa kwa wingi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Huko Kasese, kuanzia 1999, kobalti ilitolewa kwa msaada wa bakteria kutoka katika lundo la piriti lililoachwa na mgodi wa shaba wa Kilembe. Madini ya tangsteni yamechimbwa Nyamuliro, kusini-magharibi mwa Uganda, na yanachimbwa Nyakabingo nchini Rwanda. Metali hizi huondoka kama mawe na hurudi kama zana, zikiwa na maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo wengi wanaozitumia hawaisomi kwa ufasaha.

2. Kutoka unga hadi kipuri

Kompositi ni kitu kimoja kilichoundwa kwa vitu viwili au zaidi ambavyo havikupoteza utambulisho wao. Katika aina tunayoijadili, kitu cha kwanza ni kauri, yaani kampaundi ngumu na kavu kama kabidi ya tangsteni, kabidi ya kromi au oksidi ya alumini. Kitu cha pili ni metali kama kobalti au nikeli. Kauri huleta ugumu. Metali huleta ushupavu. Maneno haya mawili hayana maana moja. Ugumu ni uwezo wa kukataa kuchimbika au kukwaruzika. Ushupavu ni uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. Sahani ya kauri ni ngumu kuliko sufuria ya alumini, lakini zikianguka sakafuni tunajua ipi itakayookotwa vipande.

Mfano uliokomaa zaidi ni kabidi ya tangsteni iliyoshikamanishwa kwa kobalti. Karl Schröter, aliyekuwa akifanya utafiti katika kampuni ya Osram mjini Berlin, aliombea hataza njia ya kuitengeneza mwaka 1923. Miaka michache baadaye kampuni ya Krupp iliiuza kwa jina Widia, lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi".

Njia ya unga ilihitajika kwa sababu kabidi ya tangsteni haikubali kusubiwa kama shaba. Huhitaji joto la karibu nyuzi 2,800 za selisiasi kabla ya kuyeyuka, na tanuri za kawaida hazifiki huko. Kwa hiyo unga wa kabidi na unga wa kobalti husagwa pamoja katika kinu chenye mipira na kimiminika hadi kila chembe ya kabidi izungukwe na kobalti. Mchanganyiko hukaushwa, hutiwa nta kidogo ili ushikane, kisha hushindiliwa katika kalibu. Kinachotoka kina umbo la kipuri lakini ni dhaifu kama chaki. Huingizwa katika tanuri yenye ombwe au gesi maalumu na kupashwa joto la nyuzi kati ya 1,350 na 1,500 hivi. Hapo metali huyeyuka, hupenya kati ya chembe za kabidi na kuzivuta pamoja. Kipuri husinyaa kwa asilimia 15 hadi 20 kwa kila upande, na vitundu vingi hufungika.

Kwa upande wa istilahi, hatua hii haina sababu ya kututisha. Kiswahili cha jikoni na cha ufinyanzi kina kusaga, kukanda, kushindilia, kukausha na kuoka. Makala haya yanatumia uokaji kwa tendo la kupasha unga ulioshindiliwa hadi ushikamane bila wote kuyeyuka. Neno hili lina faida moja iliyo wazi: mwokaji mikate na mfinyanzi wote wanajua kwamba kitu kisichookwa vya kutosha hubaki na uwazi ndani. Vitundu vilivyobaki katika kompositi ni udhaifu wa pande mbili. Nyufa huanzia humo, na maji huingilia humo.

3. Kulika kwa msuguano

Vitu viwili vinapogusana na kusogea, kimojawapo hupoteza mada. Upotevu huo una njia kadhaa. Chembe ngumu, kwa mfano mchanga, inaweza kukwaruza uso na kuacha mfereji. Nyuso mbili za metali zinaweza kunatana kwa nukta ndogo ndogo na kunyofoana. Mapigo yanayojirudia yanaweza kuuchosha uso hadi ukabanduka magamba. Mchanga uliobebwa na maji unaweza kuupiga uso mara maelfu kwa sekunde, tukio ambalo kwa haki kabisa tunaweza kuliita mmomonyoko, kama tunavyosema kuhusu udongo wa mlimani.

Kanuni iliyoandikwa na J. F. Archard mwaka 1953 inasema kwamba kiasi kinacholika kwa msuguano huongezeka kadiri mzigo na umbali wa kusuguana vinavyoongezeka, na hupungua kadiri ugumu wa uso unavyoongezeka. Kanuni hii ndiyo chanzo cha imani iliyoenea kwamba kifaa kigumu ndicho kifaa cha kudumu. Kwa msuguano mkavu imani hiyo ina ukweli mwingi. Mchanga wetu una madini ya kwazi, ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida lakini laini kuliko kabidi ya tangsteni. Ndiyo maana mchanga hukwaruza chuma na hushindwa na kabidi.

Hata hivyo, mchanga haushambulii kabidi peke yake. Hutafuta metali laini iliyo katikati. Kiasi cha kobalti kikiwa kikubwa na nafasi kati ya chembe zikiwa pana, mchanga huichimba metali kwanza na kuziacha chembe za kabidi zikining'inia. Mtengenezaji huamua kwa kupima. Kobalti asilimia 6 na chembe laini hutoa uso mgumu usiopenda mapigo. Kobalti asilimia 12 au zaidi na chembe kubwa hutoa kipuri kinachovumilia nyundo lakini kinacholika upesi zaidi. Hakuna kompositi iliyo bora kwa kila kazi. Kuna iliyo bora kwa shambulio fulani.

4. Kulika kwa kemia

Shambulio la pili halihitaji mwendo wala mzigo. Metali iliyotolewa katika mawe yake kwa joto na nguvu ina tabia ya kurudi katika hali ya kampaundi. Ikikutana na maji na oksijeni au asidi, atomu zake hupoteza elektroni na kuingia katika maji. Chuma kikifanya hivyo huacha unga mwekundu tunaouita kutu. Kobalti, nikeli, zinki na alumini nazo hulika kwa namna hiyo, lakini hazina kutu kwa maana ambayo msemaji wa Kiswahili anaielewa. Kipuri cha kabidi kinaweza kuharibika kabisa katika maji bila kuonyesha wekundu wowote.

Katika maji yenye asidi, kobalti huyeyuka huku kabidi ya tangsteni ikibaki karibu kama ilivyokuwa. Kinachobaki juu ya uso ni kiunzi cha chembe ngumu zisizoshikiliwa na kitu. Ni sawa na meno yenye afya katika ufizi uliooza: jino halikutoboka, lakini litang'oka. Katika maji yenye alkali kali hali hugeuka. Kobalti hujikinga kwa utando, na kabidi yenyewe huanza kuoksidika. Kwa sababu hiyo kabidi yenye kobalti tupu haipendekezwi kwa maji ambayo kipimo chake cha pH kimeshuka chini ya 7. Metali unganishi ikibadilishwa kuwa nikeli, au ikiongezewa kromi, kompositi huvumilia asidi kali zaidi. Gharama yake ni kupungua kidogo kwa ugumu au ushupavu.

Kuna jambo jingine ambalo kompositi hulibeba kwa asili yake. Vitu viwili tofauti vinavyopitisha umeme vikigusana ndani ya maji hufanya betri ndogo, na kimoja huliwa kwa faida ya kingine. Katika kabidi ya tangsteni, chembe za kabidi na kobalti hufanya maelfu ya betri za namna hiyo katika kila milimita ya uso. Kobalti ndiyo inayoliwa.

5. Mashambulizi mawili yanapokutana

Metali nyingi zinazodumu katika maji hudumu kwa sababu ya utando. Chuma kinachoitwa kisichoshika kutu kina kromi isiyopungua asilimia 10.5, na kromi hiyo hujenga juu ya uso utando mwembamba sana wa oksidi. Utando ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi upate muda na oksijeni. Lakini mchanga ukiukwaruza kila sekunde, metali hulazimika kutoa atomu mpya kila mara ili kuujenga tena. Msuguano unaharakisha kemia. Kwa upande wake kemia huulainisha au kuudhoofisha uso, na mchanga hupata kazi nyepesi. Kemia nayo inaharakisha msuguano.

Kwa hiyo jumla ya upotevu si hesabu ya kujumlisha tu. Wataalamu huiandika hivi: J = M + K + Z. Hapa J ni jumla ya kulika, M ni kulika kwa msuguano pasipo kemia, K ni kulika kwa kemia pasipo msuguano, na Z ni ziada inayotokana na kukutana kwa viwili hivyo. Kiwango cha Marekani ASTM G119 kinaeleza namna ya kuipima ziada hiyo. Katika kompositi zetu Z inaweza kuwa kubwa. Maji ya asidi huondoa kobalti kwa kina cha mikromita chache tu, kiasi ambacho mizani isingekiona kwa haraka. Kisha mpito mmoja wa mchanga huzisomba chembe zote za kabidi zilizoachwa wazi, na kobalti mpya hufichuliwa.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa anayeandika masharti. Kipimo cha msuguano mkavu, kama kile cha gurudumu la mpira na mchanga katika ASTM G65, kitatoa M. Kipimo cha ukungu wa chumvi, kama ISO 9227, kitatoa taarifa kuhusu K. Bidhaa inaweza kufaulu vipimo vyote viwili kwa nyakati tofauti na bado ikafeli mtoni, kwa sababu hakuna aliyeipima Z.

6. Kisima kimoja, mashambulizi matatu

Sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu ya miamba mikongwe ya matale na mingine ya jamii hiyo. Ili kupata maji safi vijijini, mashine huichimba miamba hiyo kwa nyundo ya hewa inayoshuka pamoja na kichwa chake ndani ya shimo. Uso wa kichwa hicho umepandikizwa vifungo vya kabidi ya tangsteni na kobalti. Kazi yake ni mapigo na kukwaruzwa na jiwe kwa saa au siku chache. Hapa M ndiyo inayotawala, na mchaguzi mwenye busara huangalia ugumu na ushupavu.

Shimo likishamalizika, huwekwa pampu ya mkono, mara nyingi ya aina inayojulikana nchini kama U2 au U3. Bomba na fito zake hukaa majini kwa miaka. Kwa muda mrefu vilitumika vya chuma kilichopakwa zinki. Katika maeneo ambayo maji ya ardhini yana asidi, hasa pH ikiwa chini ya 6.5, zinki huyeyuka na chuma hufuata. Maji hutoka yakiwa ya rangi ya udongo, hubadilisha ladha ya chai na huacha madoa katika nguo nyeupe. Watu huyaacha na kurudi kwenye chemchemi na vinamasi, ingawa kisima bado kinatoa maji. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha matumizi ya mabomba na fito za chuma kilichopakwa zinki katika visima hivyo. Mabomba ya plastiki na ya chuma kisichoshika kutu yakachukua nafasi. Katika pampu hiyohiyo, chini kabisa, washa za mpira na silinda hulika kwa mchanga unaoingia pamoja na maji.

Kisima kimoja, basi, kina vitu vitatu vinavyolika kwa njia tatu: kichwa cha kuchimbia kwa jiwe, bomba kwa kemia, silinda kwa mchanga majini. Lakini sikiliza sentensi zinazotumika kuvieleza. "Maji yana kutu." "Pampu imechakaa." "Kichwa kimelika." Sentensi ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa. Wekundu wa maji unaweza kutoka katika mwamba wenye madini ya chuma, au katika bomba linalolika. Chanzo kikiwa mwamba, dawa ni kuyachuja maji. Chanzo kikiwa bomba, chujio litafanya kazi kwa gharama ya kila mwezi huku bomba likiendelea kuliwa mpaka lidondoke kisimani. Njia ya kutofautisha ni nyepesi. Sampuli huchukuliwa alfajiri kabla ya pampu kutumika, kisha nyingine baada ya kupiga pampu kwa muda. Chuma kikipungua sana katika sampuli ya pili, kilitoka bombani. Kikibaki kilekile, kimo katika mwamba. Fomu ya ukaguzi yenye kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "kutu katika maji" haimwombi mkaguzi afanye tofauti hiyo, na asiyeombwa hafanyi.

Mitambo ya umeme inatoa funzo la pili. Turbini za Jinja, kuanzia Nalubaale iliyofunguliwa mwaka 1954, hupokea maji yaliyotulia katika Ziwa Viktoria, ambamo mchanga mwingi umekwisha kuzama. Mitambo midogo ya mto Mubuku huko Kasese hupokea maji yanayoteremka kutoka Rwenzori. Mito ya safu hiyo inapofurika, kama Nyamwamba ulivyofanya mwaka 2013 na 2020, hubeba mchanga, kokoto na hata mawe makubwa. Katika mito ya namna hiyo, kwa mfano ile ya Himalaya nchini Nepal na India, mabawa ya turbini hunyunyiziwa kwa mwendo mkali sana unga wa kabidi ya tangsteni uliochanganywa na kobalti na kromi. Kromi imo kwa ajili ya K, kabidi kwa ajili ya M. Huko Kasese swali la kemia haliwezi kuachwa nje, kwa kuwa piriti iliyorundikwa na mgodi ikikutana na mvua hutoa asidi, na maji yake yaliwahi kuua uoto hadi ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Afisa anayeagiza tabaka la kinga kwa bonde kama hilo akiandika tu "liwe gumu, lisichakae", anaweza kuletewa kabidi yenye kobalti tupu, na muuzaji atakuwa ametimiza sharti.

7. Mfumo wa istilahi unaopendekezwa

Maneno yaliyopo yana historia na nguvu zake. Kuchakaa husemwa kwa nguo, barabara, nyumba na mashine. Hutaja hali ya kitu kilichotumika hadi kikapoteza ubora, bila kutaja sababu. Kutu hutaja zao moja la chuma. Kubabua na kivumishi babuzi husemwa kwa kemikali inayounguza ngozi au kuharibu kitu. Hutaja mshambulizi, si mshambuliwa. Kulika kimetokana na kitenzi kula kwa kiambishi cha utendeka. Kisu hulika kwa kunolewa, soli ya kiatu hulika upande, na bati huliwa na chumvi ya pwani. Kwa hiyo kulika kimebeba msuguano na kemia kwa pamoja.

Wapo watakaoona upana huo kuwa kasoro na kupendekeza kulifungia neno katika maana moja. Makala haya yanashauri kinyume chake. Mlinganyo wa J = M + K + Z unahitaji neno moja la juu linalokusanya aina zote za upotevu wa mada usoni, na lugha kadhaa zimelazimika kuunga maneno mawili ya kisayansi ili kulipata. Kiswahili tayari kinalo. Linalokosekana ni vibainishi. Pendekezo ni hili:

Ulikaji: upotevu wowote wa mada kutoka katika uso wa kitu kigumu.

Ulikaji wa msuguano: upotevu kwa mguso na mwendo, chini yake kuna ukwaruzaji, unyofoaji, ubandukaji na mmomonyoko.

Ulikaji wa kemia: upotevu kwa mmeng'enyo wa kikemia au wa umeme-kemia, kwa metali au kauri yoyote.

Ulikaji wa pamoja: upotevu ambapo msuguano na kemia vinasaidiana, pamoja na ziada yake.

Kutu: oksidi na hidroksidi za chuma pekee.

Uchakavu: kushuka kwa ubora wa kifaa kwa ujumla, kuwe na ulikaji au kusiwe.

Kwa mfumo huu, neno ustahimilivu halitasimama peke yake katika andiko la kiufundi. Litafuatwa na jina la shambulio na, inapowezekana, kipimo chake: ustahimilivu dhidi ya ulikaji wa kemia katika maji ya pH 5.5, ustahimilivu dhidi ya mmomonyoko wa mchanga wa kwazi. Kwa kompositi itatajwa pia metali unganishi, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayoshindwa kwanza.

8. Athari za kisera

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Zanzibar, ndicho chombo kinachofaa kuanzisha kazi hii kwa ushirikiano na mashirika ya viwango ya nchi wanachama, likiwamo Shirika la Viwango la Uganda. Baraza la Kiswahili la taifa, ambalo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kuundwa kwake mwaka 2019, lipewe nafasi katika kamati za viwango tangu rasimu ya kwanza, lisisubiri kutafsiri waraka uliokwisha pitishwa. Istilahi inayoundwa baada ya uamuzi hupamba uamuzi huo tu. Inayoundwa wakati wa rasimu humlazimisha mhandisi aseme anachokusudia.

Pili, fomu za ukaguzi wa visima na hati za zabuni za vipuri zianze kutumia vibainishi hivi hata pale zinapoandikwa kwa Kiingereza au Kiganda, kwa kuwa tofauti inayotafutwa ni ya maarifa kabla ya kuwa ya lugha. Kiganda nacho kina msamiati wa kuoza, kula na kukaddiwa kwa vitu, na ulinganisho wa lugha hizi mbili ungewasaidia mafundi wa Katwe na Kisenyi, wanaorekebisha vinu na pampu kwa macho na masikio yao, kuingiza ujuzi wao katika maandishi.

Tatu, miradi inayovuka mipaka iwe uwanja wa majaribio. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika nchi mbili ambazo mafundi wao wana lugha moja ya kuzungumzia kasoro inayoonekana leo upande mmoja na kesho upande wa pili. Itakuwa ajabu kama lugha hiyo itabaki kuita kila doa kutu.

9. Hitimisho

Kompositi za metali na kauri zinafundisha kwamba kudumu si sifa ya kitu peke yake, bali ni uhusiano kati ya kitu na kinachokishambulia. Kabidi inayoshinda jiwe inaweza kushindwa na maji, na tabaka linalovumilia chumvi linaweza kubanduliwa na mchanga. Kiswahili kina malighafi ya kulieleza jambo hili kwa usahihi, kuanzia kitenzi kulika ambacho kila msemaji anakijua. Kazi iliyobaki ni ya kamati, na ni ndogo: kukubaliana juu ya vibainishi, kuvijaribu katika fomu za visima vya wilaya chache, na kuviingiza katika rasimu inayofuata ya kiwango cha mabomba na vipuri vya pampu.